Modemu ni ya kampuni, ruta iwe ya mwenye nyumba

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ya Kampala ilianza kukokota. Picha hazifunguki, ujumbe wa sauti unazunguka bila kufika, anayeongea kwa video anaganda akiwa amefumba jicho moja. Nyumba nyingi zikafanya lile lile zinalofanya siku zote: kijisanduku chenye taa kikachomolewa ukutani, watu wakahesabu hadi kumi, kikachomekwa tena. Haikusaidia, kikachomolewa tena. Na aliyepiga simu huduma kwa wateja aliambiwa achomoe. Muda wote huo hitilafu ilikuwa baharini, kaskazini ya Durban, ambako kebo mbili za chini ya maji, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika. Hata mtaa wa Ntinda mzima ungechomoa na kuchomeka mpaka usiku, kebo hizo zisingeungika.

Simcheki mtu. Mwenye kijisanduku kimoja kisichofunguka hana namna ya kujua kama kosa ni lake, ni la kampuni au ni la nanga ya meli ya watu. Ndiyo sababu nashikilia jambo moja ambalo mafundi wetu hawapendi kulisikia: nyumba iwe na vifaa viwili. Modemu, inayopokea intaneti kutoka nje, iwe ya kampuni. Ruta, inayoigawa ndani kwa simu, kompyuta na televisheni, iwe ya mwenye nyumba, naye ndiye ashike nywila yake. Mtindo wa sasa wa kumkabidhi mteja kijisanduku kimoja kinachofanya kazi zote mbili, kisha kumficha nywila ya kukiingilia, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, yaani UCC, ingeukomesha kwa waraka mmoja.

Kwenye umeme hatubishani juu ya mpaka huu. Mita ya Yaka ni ya shirika, na ukiigusa utajibu. Soketi, swichi na balbu za ndani ni zako, na hakuna fundi wa shirika atakayekupangia taa ya jikoni iwashwe saa ngapi. Kwenye intaneti mpaka umefutwa kimyakimya, na waliofutiwa wengi hawakujua kama ulikuwepo.

Ulikuwepo. Kampala iliujua enzi za waya wa shaba. Shirika la Posta na Simu la Uganda lilipogawanywa mwaka 1998, mtandao wa simu za mezani ulirithiwa na Uganda Telecom, na juu ya waya hizo hizo ndipo baadaye ilipouzwa intaneti ya ADSL, aina mojawapo ya DSL. Ujanja wake hadi leo naona ni mzuri. Sauti ya mtu kwenye simu inatumia masafa ya chini, hayazidi hertzi 4,000. Waya wenyewe unaweza kubeba mengi zaidi, kwa hiyo data ilipandishwa juu ya sauti, kuanzia kama hertzi 25,000 hadi milioni moja na kidogo, na vitu viwili vikapita kwenye waya mmoja bila kukanyagana. Sharti lilikuwa kila simu ya mezani ifungwe kichujio, kile kidude kidogo cha plastiki chenye tundu mbili. Ukikisahau, unasikia mvumo kwenye simu, na kila shangazi akipiga, intaneti inakatika.

Ugonjwa wa DSL ulikuwa umbali. Kadiri nyumba ilivyokuwa mbali na kituo cha simu, ndivyo mawimbi yalivyofifia, na baada ya kilomita tano hivi hapakuwa na cha maana kilichofika. Na kilomita hizo zilihesabiwa kwa urefu wa waya ulivyozunguka, si kwa jicho. Unaweza kuwa unakiona kituo ng'ambo ya bonde, na waya wako umepitia kilima kingine kabla ya kukufikia. Mvua ikinyesha viungo vinaingia maji. Halafu walikuja wezi wa shaba. Waliokata waya usiku wakauza kwa kilo walizika ADSL ya jiji hili kwa kiasi kikubwa kuliko teknolojia yoyote mpya, ingawa ni kweli pia kwamba MTN iliyoingia Oktoba 1998 ilikuwa imeshamfundisha kila mtu kuishi bila simu ya mezani.

Lakini tuangalie zile kafe za intaneti za Kampala Road na Wandegeya zilivyokuwa zimepangwa. Laini moja inaingia, modemu moja inaipokea. Kabla ya SEACOM kufika Julai 2009, data zetu zilipitia setilaiti, kwa bei ya kutoa machozi, kwa hiyo hicho kidogo kilichoingia kilipaswa kugawiwa kompyuta kumi au kumi na tano bila mtu mmoja kumeza chote. Kazi hiyo haikuwa ya modemu. Ilikuwa ya ruta, au kompyuta kuukuu iliyogeuzwa ruta, na mwenye kafe ndiye aliyeijua nywila yake, ndiye aliyeamua nani apunguziwe kasi na tovuti ipi ifungwe mchana. Kampuni ikibadilika, alibadilisha modemu tu. Vijana wengi wanaojiita mafundi wa mitandao leo mjini hapa walifundishwa na mpangilio huo, kwa kuuharibu na kuutengeneza.

Tulipohamia faiba na vijisanduku vya laini za 4G, mpangilio ule ulipotea. Sasa ni kisanduku kimoja, cheupe, chenye karatasi mgongoni iliyoandikwa jina la waifai na nywila ya waifai. Nywila ya kuingia ndani, kwenye kurasa za kupangia, haimo. Au imo, lakini inakuonyesha chumba kimoja katika nyumba ya vyumba saba.

Jirani yangu hapa mtaani Kisaasi, mwalimu mstaafu, alinunua ruta ya mtumba katika plaza moja ya William Street, kwa sababu waifai ya kampuni haikufika vyumba vya nyuma. Hakuna cha kushangaza. Nyumba zetu ni za matofali ya kuchoma, madirisha yana nondo, na kisanduku huwekwa pale ambapo waya wa fundi uliishia, yaani nyuma ya televisheni. Aliniita nimsaidie kuifunga ruta.

Kazi yenyewe haina miujiza. Kebo inatoka kwenye tundu la kawaida la modemu na kuingia kwenye tundu la ruta lililotengwa, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti na limeandikwa WAN. Kinachowashinda wengi ni anwani. Watengenezaji wengi huvipa vifaa vyao anwani moja, 192.168.1.1, na ukivifunga pamoja vyote viwili vinadai kiti kile kile; ukurasa unaofunguka hujui ni wa nani, na intaneti haipiti. Kwa hiyo kabla ya kuviunganisha unaiwasha ruta peke yake, unaichomeka kwenye kompyuta, unaibadilisha anwani iwe 192.168.2.1, unaweka nywila mpya ya kuingilia badala ya ile ya kiwandani, na hapo ndipo unaiunga na modemu. Kisha waifai: jina ulipendalo, ulinzi wa WPA2 au WPA3, na ule mtindo wa kuunganisha kwa kubonyeza kitufe, WPS, unauzima. Masafa ya gigahertzi 2.4 yanapenya kuta za tofali vizuri zaidi. Ya 5 yana kasi ila ukuta wa pili unayachosha. Kwenye zile fleti ambako unahesabu mitandao ya jirani ishirini, chagua chaneli 1, 6 au 11, maana zilizo katikati hugongana na za pande zote mbili.

Vyumba vya nyuma vikapata. Kilichobaki ni jambo ambalo kwa haki lingechukua dakika mbili. Ruta nyuma ya modemu ambayo nayo ni ruta ina maana kila kitu kinatafsiriwa mara mbili kabla ya kutoka. Kwa kusoma habari na kutazama filamu huoni tofauti. Kwa kamera ya geti unayotaka kuitazama ukiwa Masaka, au mtoto anayecheza michezo na wenzake wa mbali, utaiona. Dawa yake inajulikana tangu enzi za DSL: modemu iwekwe katika hali ya daraja, ipitishe tu, na ruta ndiyo ipige hodi kwa kampuni kwa jina na nywila ya mteja. Basi mwalimu akapiga simu kuomba hivyo. Akaletewa kijana kwa bodaboda, mwenye adabu, begi mgongoni.

"Mwalimu, kuingia humo ni sisi tu. Ni sera ya kampuni."

"Mwanangu, mtu anaingia nyumbani kwangu na mimi sina ufunguo?"

"Hatuingii, nyabo. Tunasaidia."

"Sasa si unisaidie leo?"

Kijana alicheka, akakubali chai, na hakufungua. Simlaumu, hata yeye, nadhani, nywila ile alikuwa anaiomba ofisini kila mara. Kampuni siitaji, maana nimeshasikia hadithi hii hii kutoka kwa wateja wa zaidi ya moja.

Turudi kwenye Jumapili ile ya Mei. Mwenye vifaa viwili ana jaribio rahisi. Anachomoa kebo kwenye ruta yake, anaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kasi ikirudi, ruta yake ndiyo mgonjwa. Isiporudi, anatazama taa za modemu. Kwenye modemu ya DSL, taa ya laini ikipepesa ina maana waya haujashikana na mtambo wa upande wa pili. Ikitulia, waya ni mzima. Taa ya intaneti ikiwa nyekundu huku ya laini imetulia, kosa ni jina au nywila, na mara nyingi ni bili. Kwenye faiba, taa ya LOS ikiwaka nyekundu, uzi wa kioo umekatika au umekunjwa. Taa zote zikiwa kijani na bado hakuna kinachofunguka, tatizo liko mbele zaidi, kwa kampuni, njiani kwenda Mombasa, au baharini, na mtu anaweza kwenda zake kupika. Huo ni muda na salio la simu vilivyookolewa, na ni mteja anayejua cha kumwambia wa huduma kwa wateja badala ya kuambiwa achomoe.

Kuna wanaokumbuka tarehe 7 Oktoba 2021, kampuni ya simu ya Africell ilipofunga kazi zake Uganda. Visanduku vilivyofungwa kwa laini zake viligeuka mapambo. Aliyekuwa na ruta yake nyuma ya kile kisanduku alibadilisha cha mbele. Simu, televisheni na printa havikujua kama kumetokea kitu, kwa sababu jina la waifai na nywila vilikuwa vile vile. Aliyetegemea kisanduku kimoja alianza upya, kifaa kimoja baada ya kingine, na watoto wakimdai nywila mlangoni. Soko linalosemwa kuwa la ushindani linadai mteja aweze kuhama kirahisi. Kisanduku kilichofungwa ni njia ya bei nafuu ya kumfanya ahofie kuhama.

Usalama ndio hoja ambayo kampuni hupenda kuitoa, kwamba nywila ikiwa kwao peke yao mteja yuko salama zaidi. Novemba 2016 wateja kama 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani walipoteza intaneti kwa mkupuo, baada ya programu haribifu za ukoo wa Mirai kushambulia mlango ule ule ambao makampuni huutumia kuingilia ruta za wateja kwa mbali. Ruta zilielemewa zikaanguka. Sisemi mlango huo hauna faida; ndio unaotumika kusambaza marekebisho, na kampuni makini huyasambaza upesi kuliko mwenye nyumba ambaye hajafungua ukurasa wa ruta yake tangu ainunue. Ila mlango wa mbali kwenye modemu ni jambo moja. Mlango wa mbali unaofika hadi kwenye orodha ya vifaa vya chumbani kwangu, majina yake na saa vinapowashwa, ni jambo jingine, na huo sikumbuki kuulizwa kama nataka.

Nchi yetu nayo ina sababu zake za ziada. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi tarehe 18. Ruta haikuleta intaneti siku zile, na anayedai vinginevyo anakuuzia kitu. Lakini mtandao wa ndani ya nyumba hauhitaji idhini ya mtu: kompyuta iliendelea kuipelekea televisheni filamu zilizohifadhiwa, printa ilichapa, simu zilitumiana picha. Nilishangaa ni wangapi waliozima kila kitu wakidhani waifai nayo imekatwa. Na kabla ya hapo kulikuwa na kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018. Mamlaka ya mapato ilitarajia bilioni 284 katika mwaka wa kwanza, ikapata bilioni 49.5, na yenyewe ikataja VPN na waifai miongoni mwa sababu. Watu waliojifunza mipangilio ya vifaa vyao walikuwa wamepiga kura ya aina yake. Kodi ile ikafutwa, tukapewa asilimia 12 kwenye kila bando la data kuanzia Julai 2021, ambayo ruta haiwezi kuikwepa.

Gharama, basi. Vifaa viwili ni bei mbili, na ni plagi mbili katika jiji ambalo umeme hukatika mvua ikipiga chafya. Hili nalikubali. Ruta ya mtumba iliyo nzima si ghali, na sehemu ya pesa hurudi unapobadilisha kampuni bila kununua tena. Umeme una dawa: betri ndogo zile za kuchomekwa vifaa viwili, mradi usome volti mgongoni mwa kila kimoja, maana nyingi ni 12 lakini zipo za 9 na kosa hapo ni moshi. Radi pia iingie kwenye hesabu. Kampala ni katika miji yenye siku nyingi za ngurumo duniani, na enzi za shaba radi ilipitia waya wa simu ikaingia sebuleni. Modemu ilikufa kwanza, na kilichounganishwa nayo kikafuata. Uzi wa faiba ni kioo, haubebi umeme, kwa hiyo hatari iliyobaki iko kwenye soketi. Wingu likijikusanya juu ya ziwa, chomoa. Hapo kweli kuchomoa kunasaidia.

Mafundi wana hoja yao nyingine, nayo ni nzito kuliko zote: wateja wataharibu mipangilio, kisha watapiga simu. Watapiga, ndiyo. Lakini mpaka ukiwa wazi jibu ni fupi: modemu yetu ni nzima, ruta ni yako, mwite fundi wako. Kutakuwa na kazi kwa vijana wa mitaani ambao leo wanakatazwa kugusa kisanduku. Asiyetaka usumbufu aendelee na kisanduku kimoja na aachiwe raha yake. Ninachodai ni hiari kwa anayetaka.

Wala si dai geni. Marekani ililipitia mwaka 1968, mamlaka ya mawasiliano ya huko ilipoamua katika kesi ya Carterfone kwamba kampuni ya simu haiwezi kumkatalia mteja kuunganisha kifaa chake alimradi hakiharibu mtandao. Kampuni ilikuwa imelia kwamba mtandao utaharibika. Haukuharibika, zikaja mashine za kujibu simu, faksi, na modemu zenyewe. Ujerumani, tangu tarehe 1 Agosti 2016, kampuni haiwezi kumlazimisha mteja kutumia ruta yake, na mkataba unapofungwa inapaswa kumpa, bila kuombwa na bila malipo, data zote za kuingilia anazohitaji ili afunge kifaa anachokitaka.

UCC tayari hukagua na kuidhinisha vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini, kwa hiyo kisingizio cha kwamba mteja ataleta takataka kwenye mtandao kimeshajibiwa na tume yenyewe. Inachobakiwa nacho ni kuamuru kwamba anayefunga faiba au laini ya nyumbani aache karatasi yenye jina na nywila ya mteja, aiweke modemu katika hali ya daraja mteja akiomba, na bei ya kifaa iandikwe mbali na bei ya huduma ili ajue anakodi nini. Kampuni zipewe miezi sita ya kujipanga. Mwalimu wa Kisaasi ameshaandika barua yake kwa tume, kwa mkono, kurasa mbili, na nakala ameiweka kwenye faili moja na risiti ya ruta.